Norwe Tunayoisimulia na Norwe Iliyopo

Mwaka 2012, habari za gesi zilipoanza kutoka kwenye kina cha bahari mbele ya Lindi, jina la nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya liliingia midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kuitafuta hata kwenye ramani. Kampuni iliyochimba kisima cha Zafarani ilikuwa ya Norwe, wakati huo ikiitwa Statoil, siku hizi Equinor. Basi vijiweni, misibani na kwenye semina za viongozi, kila mtu akawa na Norwe yake. Kuna waliosema tutakuwa kama wao. Kuna waliosema kamwe, wale wenzetu wameumbwa kwa udongo mwingine. Mwaka uliofuata Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la kwenda Dar es Salaam, watu wakapoteza maisha, na bado Norwe ikawa inatajwa na pande zote mbili, kama shahidi anayeitwa na mlalamikaji na mshtakiwa kwa pamoja.

Nimeyasikia madai hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Yananiuma, kwa sababu mengi yake si kweli, na yale yasiyo kweli ndiyo tunayoyatumia kujiamulia mambo yetu. Nitayachukua moja baada ya jingine, ingawa hayana uzito sawa.

"Ni kinchi kidogo cha barafu"

Watu wake ni wachache, hilo ni kweli: hawafiki milioni 6, karibu sawa na wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Lakini nchi si ndogo. Bara lake lina kilomita za mraba kama 324,000, na ukijumlisha visiwa vya Svalbard na Jan Mayen zinafika 385,000. Kutoka ncha ya kusini hadi ya kaskazini ni kama kilomita 1,750 kwa mstari ulionyooka, mbali kuliko kutoka Mtwara hadi Moyale. Pwani yake imechanwachanwa na fiyodi, yaani mikono ya bahari inayoingia ndani ya milima; ule wa Sogne una urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha mita 1,300. Ukiifuata pwani hiyo kwa mguu, kila kona na kila kisiwa, utatembea zaidi ya kilomita 100,000.

Na barafu? Milimani ipo, na Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Ila bandari za magharibi hazigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unapita kando yake mwaka mzima. Mkondo huo ndio uliowalisha. Ardhi inayolimika ni kama asilimia 3 tu ya nchi yote, kwa hiyo mkulima wa pwani alikuwa mvuvi pia. Kila mwanzo wa mwaka samaki aina ya kodi hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye visiwa vya Lofoten, wakavuliwa, wakaning'inizwa kwenye vichanja vya miti bila chumvi, upepo wa baridi ukawakausha. Ni ng'onda wao. Biashara hiyo ina umri wa miaka kama elfu moja, na leo mlaji mkubwa wa ng'onda huyo, hasa vichwa vyake, yuko Nigeria. Nchi ile haikuzaliwa siku ya mafuta.

"Mfalme ndiye mwenye nchi"

Mfalme yupo, Harald V, tangu 1991. Hatawali. Katiba yao iliandikwa Eidsvoll na kutiwa saini tarehe 17 Mei 1814, baada ya nchi kuwa chini ya Denmark kwa karne nne, na miezi michache kabla ya kuingizwa kwenye muungano na Uswidi. Muungano huo ulipovunjika mwaka 1905 watu waliulizwa kwa kura: waliotaka kutoka walikuwa 368,208, waliokataa 184. Kisha wakaulizwa tena kama wanataka mfalme, wakakubali, na mwanamfalme mmoja wa Denmark akaitwa kuja kukalia kiti. Yaani mfalme wao wa kwanza wa zama hizi alikuja kwa kura ya wananchi. Bunge, Storting, lina wabunge 169, na halivunjwi kabla ya miaka minne kwisha, hata serikali ikianguka. Wanaogombana ndani yake lazima wapatane, kwa sababu hakuna mlango wa kukimbilia uchaguzi mpya.

"Wako Umoja wa Ulaya"

Hawapo. Wamekataa mara mbili kwa kura ya maoni, 1972 na 1994, mara zote kwa tofauti ndogo. Wavuvi na wakulima ndio waliosimama mstari wa mbele, wakihofia kwamba bahari na mashamba yao yangesimamiwa kutoka Brussels. Ila kuna gharama: kupitia mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ulioanza 1994, wanafuata sheria nyingi za soko ambazo hawakupiga kura kuzitunga, na fedha wanatoa. Anayesema Norwe ilikataa Ulaya amesema nusu ya habari.

"Walikuwa hohehahe, mafuta yakawatoa"

Hapa nitakaa, kwa sababu dai hili ndilo lenye madhara kuliko yote. Mtu akiamini kwamba utajiri wa Norwe ulitoka kisimani, ataamini pia kwamba sisi tunasubiri kisima tu.

Umaskini ulikuwepo, tena mkali. Katika miaka mia moja kuanzia 1825, watu kama 800,000 walihama kwenda Amerika Kaskazini, kutoka nchi ambayo mwaka 1900 ilikuwa na watu kama milioni 2.2 tu. Waliondoka kwa sababu shamba lilikuwa dogo na watoto walikuwa wengi.

Lakini angalia kilichokuwa kikijengwa wakati huo huo. Amri ya kuwapeleka watoto wote shule, wa vijijini pia, ilitoka mwaka 1739. Shabaha ilikuwa wasome katekisimu, ila mtu akishajua kusoma hakuna wa kumchagulia cha kusoma. Mwaka 1837 kila wilaya ilipata halmashauri ya kuchaguliwa, wakulima wakaanza kusimamia fedha za umma miaka zaidi ya 130 kabla ya tone la kwanza la mafuta. Kufikia miaka ya 1870 meli zao za mizigo zilikuwa za tatu kwa wingi duniani, nyuma ya Uingereza na Marekani. Wanawake wote walipata kura mwaka 1913.

Kisha yakaja maporomoko ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 dunia iligundua kwamba maji yanayoanguka ni umeme, na umeme ni viwanda. Norwe ilikuwa na maporomoko kila bonde. Mwaka 1905 ilianzishwa Norsk Hydro, ikatengeneza mbolea ya chumvichumvi kwa umeme wa Notodden na baadaye Rjukan, mtaji wake mwingi ukiwa wa Uswidi na Ufaransa. Matajiri wa nje walizunguka mabondeni na hati mkononi, wakinunua maporomoko kwa wakulima ambao hawakujua wanauza nini. Sura hiyo ya mnunuzi anayejua na muuzaji asiyejua, msomaji wa Geita au wa Mirerani hahitaji kuelezwa.

Serikali ya nchi iliyokuwa huru kwa miezi michache tu ilifanya jambo la ujasiri. Aprili 1906 Bunge lilipitisha sheria ya dharura: mgeni hanunui poromoko bila kibali. Mwaka 1909 sheria ikakamilishwa, na ndani yake wakaweka kifungu ambacho kwangu ndicho moyo wa Norwe yote. Kampuni binafsi inaruhusiwa kujenga mtambo na kupata faida kwa miaka 60 hadi 80. Muda ukiisha, poromoko, bwawa na mashine vinarudi mikononi mwa taifa, bila fidia. Wenye mitaji walipiga kelele kwamba huo ni unyang'anyi na kwamba hakuna atakayewekeza tena. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1918 mahakama ikaipa nchi haki. Wawekezaji hawakukimbia. Waziri Mkuu Gunnar Knudsen, mmoja wa waliosimamia sheria hizo, alikuwa mwenye meli na mwenye viwanda yeye mwenyewe, hakuwa adui wa biashara. Na wengi wa walioinua mkono mwaka 1909 walijua watakuwa kaburini siku mtambo wa kwanza utakaporudishwa.

Matokeo yake, leo karibu asilimia 90 ya umeme wao unatokana na maji, na sehemu kubwa ya mitambo ni mali ya taifa, mikoa na wilaya. Bima ya taifa iliyounganisha pensheni ya uzee na ya ulemavu ilianza kazi tarehe 1 Januari 1967. Mafuta ya Ekofisk yalionekana Desemba 1969. Hesabu mwenyewe.

"Basi ilikuwa bahati tu"

Bahati ilikuwepo, siwezi kuikana. Ila iliwakuta wakiwa macho, na mwanzoni hata hawakuiamini. Mwaka 1958 idara yao ya jiolojia iliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje kwamba uwezekano wa kupata mafuta mbele ya pwani yao ni wa kupuuzwa. Mwaka 1962 kampuni ya Marekani, Phillips, ilileta barua: iko tayari kulipa dola 160,000 kwa mwezi, ipewe haki ya kutafuta mafuta kwenye eneo lote la bahari ya Norwe. Kwa nchi isiyoamini kwamba kuna kitu chini, hizo zilikuwa pesa za bure. Wakakataa. Mei 1963 wakatangaza kwamba sakafu ya bahari mbele ya pwani yao ni mali ya taifa, na mwaka 1965 wakakubaliana mipaka na Uingereza na Denmark. Mwaka huo huo wakaanza kugawa vitalu. Visima vingi vya mwanzo vilitoka vitupu.

Na kuna mtu ambaye kwenye simulizi zetu za vijiweni hatajwi kamwe. Mei 1968 alishuka Oslo Mwiraki mmoja, Farouk al-Kasim, mwanajiolojia wa mafuta kutoka Basra. Mkewe alikuwa Mnorwe, na mtoto wao alikuwa mgonjwa aliyehitaji matibabu yasiyopatikana Iraki. Alikuwa anasubiri treni ya jioni kwenda kwa wakwe zake. Badala ya kukaa stesheni akaenda Wizara ya Viwanda kuomba orodha ya kampuni za mafuta, atafute kazi. Wizarani waliokuwa wakishughulikia mafuta walikuwa wachache mno na ripoti za visima zilikuwa zimerundikana mezani. Wakamsaili siku hiyo hiyo, na haikupita muda wakamwajiri.

Al-Kasim ni miongoni mwa waliobuni mfumo ambao dunia sasa inauita wa Kinorwe. Mwaka 1971 kamati ya Bunge iliandika kanuni kumi za mafuta. Mojawapo ilikataza kuchoma gesi ovyo angani, isipokuwa kwa majaribio mafupi. Mwaka 1972 kazi ikagawanywa sehemu tatu: wizara itunge sera, kurugenzi ya mafuta ikae Stavanger ikague na kupima, na Statoil ifanye biashara. Mwenye duka asiwe ndiye mkaguzi wa mizani. Al-Kasim aliingia kwenye kurugenzi, na huko akashikilia kwamba kampuni zisiruhusiwe kunyonya mafuta mepesi na kuyaacha mengine ardhini. Ekofisk ilitarajiwa kutoa chini ya robo ya mafuta yake. Kwa kusukumiza maji ndani ya mwamba, imekaribia nusu. Mwaka 2012 mfalme alimpa nishani ya Mtakatifu Olav.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Wanorwe waliweza kwa sababu ni Wanorwe, namuuliza: na yule kijana wa Basra tumweke wapi? Aliyajua mafuta kwa sababu alifanya kazi kwenye kampuni iliyokuwa ikichota mafuta ya nchi yake kwa masharti ya wengine. Alikwenda Norwe akiwa na elimu ya jinsi nchi inavyopunjwa.

Tena mafuta yenyewe hayakupatikana bila vilio. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, walimokuwa wakilala wafanyakazi wa Bahari ya Kaskazini, lilivunjika mguu na kupinduka kwenye dhoruba. Walikufa watu 123.

"Kila raia anapokea gawio lake"

Hakuna anayepokea hata senti. Mfuko wa fedha za mafuta ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ukaingiziwa fedha mara ya kwanza mwaka 1996. Mwisho wa 2024 ulikuwa na krone bilioni 19,742, kiasi cha dola trilioni 1.7. Ukigawa kwa vichwa ni zaidi ya dola 300,000 kwa kila mtu, na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa uvumi wa gawio. Fedha zote zimewekezwa nje ya Norwe, kwenye hisa, hati fungani na majengo, ili zisivimbishe bei za nyumbani na kuua viwanda vingine. Mfuko unamiliki kama asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa kwenye masoko ya dunia, na zaidi ya nusu ya thamani yake ni faida ya uwekezaji, si mauzo ya mafuta. Kila mwaka serikali inatakiwa kutumia kwa wastani kiasi kisichozidi faida inayotarajiwa, ambayo tangu 2017 imekadiriwa kuwa asilimia 3. Kabla ya hapo ilikuwa 4. Fedha hizo huingia kwenye bajeti, zikawa barabara na mishahara ya wauguzi.

Raia mwenyewe anatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, na petroli anainunua kwa bei ambayo ni miongoni mwa za juu kabisa duniani. Kampuni za mafuta zinalipa asilimia 78 ya faida yao. Bado ziko huko, zinachimba.

"Ni watu wasio na doa"

Desemba 1768 meli iitwayo Fredensborg ilizama karibu na Arendal, kusini mwa Norwe. Ilikuwa ikirudi kutoka St. Croix huko Karibi, na kabla ya hapo ilikuwa imepakia Waafrika 265 kutoka Pwani ya Dhahabu. Wapiga mbizi waliipata mwaka 1974. Norwe na Denmark wakati ule ilikuwa dola moja, yenye ngome ya Christiansborg pale Osu, Accra, na mabaharia wa Kinorwe walikuwemo kwenye meli hizo. Wanaosema kwamba mikono ya Skandinavia haikugusa biashara ya watumwa waende Osu, ngome ingali imesimama.

Nyumbani kwao wana Wasami, wenyeji wa kaskazini, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi na wavuvi. Kuanzia karne ya 19 serikali iliazimia kuwafanya Wanorwe, na watoto wakakatazwa lugha yao shuleni. Mtu wetu aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake anajua kidonda hicho. Mwaka 1979 vijana wa Kisami waligoma kula mbele ya Bunge kupinga bwawa la mto Alta. Bwawa likajengwa hata hivyo, na umeme ule safi niliousifu hapo juu una doa hilo ndani yake. Bunge la Wasami lilifunguliwa mwaka 1989. Hata baada ya hapo, mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilibidi iseme kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen vilivunja haki za wafugaji wa Kisami, na mitambo ikaendelea kuzunguka. Novemba 2024 Storting iliomba radhi rasmi kwa sera ile ya kuwafuta.

Na hao hao ambao karibu tisa katika kila magari kumi mapya waliyonunua mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, ndio wauzaji wakubwa wa gesi barani Ulaya tangu Urusi ipunguze yake mwaka 2022. Mafuta wanayouza yanachomwa kwingine, na moshi unaandikwa kwenye daftari la mnunuzi.

"Tuwaite tu waje watufanyie"

Walishaitwa. Mambo mengine yalifana: kituo cha Kibaha, kilichojengwa na nchi za Nordiki miaka ya 1960 na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970, kimesomesha vizazi. Lakini tuitazame Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana, Kenya. Shirika la misaada la Norwe liliona ziwa limejaa samaki na watu wana njaa, likajenga kiwanda cha kugandisha minofu, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waturkana walio wengi ni wafugaji. Kwao utajiri ni ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mashine za ubaridi zilitaka umeme na maji safi kwa wingi ambao jangwa lile halikuwa nao. Kiwanda kilifanya kazi siku chache, kikafungwa. Baada ya miaka michache maji ya ghuba ya Ferguson yalirudi nyuma, samaki wakaondoka nayo.

Majengo yakaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa juani na wenyeji, bila umeme na bila chumba cha baridi, kwa namna ile ile ambayo watu wa Lofoten wamekuwa wakikausha wa kwao kwa miaka elfu.